Upande wa Mkuki na Upande wa Kijiti

Tuseme, msomaji, ya kuwa umeingia katika nyumba ya makumbusho nchini Uingereza, ukasimama mbele ya sanduku la kioo lenye vitu viwili. Cha kwanza ni pambo la kipini cha upanga, la dhahabu, lililotiwa vito vyekundu, nalo lametameta chini ya taa. Cha pili ni kidude cha risasi, rangi yake kijivu, umbo lake duara, nacho kina tundu katikati. Watu wamelizunguka sanduku lile, na macho yao yote yako kwenye dhahabu. Ukiuliza kile cha kijivu ni kitu gani, utajibiwa kwa maneno machache kwamba ni cha kusokotea nyuzi. Kisha mazungumzo yatarudi kwenye upanga.

Katika insha hii nakuomba ukitazame kile cha kijivu. Darasani umezoea kuhakiki shairi au tamthilia: kupima yaliyosemwa, jinsi yalivyosemwa, na yaliyoachwa. Elimu ya vitu vya kale nayo yaweza kuhakikiwa vivyo hivyo, maana kitu kilichofukuliwa ardhini hakisemi chenyewe. Husemewa na aliyekiona, na aliyekipima, na aliyekiandikia maelezo. Wasemaji hao waweza kusema kweli, waweza kukosea, na waweza kunyamaza mahali palipotakiwa neno. Dai langu ni hili: vyombo vya kusokotea vya mwanzo wa Enzi za Kati vimepunjwa na watu wa namna mbili, yaani wale wanaoviokota kwa kujifurahisha na wale wanaovichimbua kwa ajili ya elimu, na aliyepunjwa pamoja navyo ni mtu aliyevitumia. Ninaposema mwanzo wa Enzi za Kati, nafuata hesabu ya wataalamu wa Uingereza, ambao huuhesabu wakati huo tangu mwaka 410 mpaka mwaka 1066.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ili kupata uzi, mtu huchukua sufu ya kondoo iliyooshwa na kuchanwa, au kitani, akavuta nyuzinyuzi chache na kuzisokota pamoja. Zisiposokotwa hukatika mara moja. Zikisokotwa hushikamana zikawa uzi. Kusokota kwa vidole vitupu kwawezekana, ila ni kazi ya polepole na ya kuchosha. Kwa hiyo watu wa kale walitwaa kijiti chembamba, wakakitia kizito cha duara chenye tundu. Kizito hicho nitakiita kigurudumu. Msokotaji hufunga ncha ya uzi kwenye kijiti, hukizungusha kwa vidole, kisha hukiachilia kining'inie. Kigurudumu hukifanya kijiti kiendelee kuzunguka kama pia ya watoto, na kila mzunguko huingiza msokoto katika sufu inayovutwa na vidole kutoka juu. Uzi ukikaribia sakafu, msokotaji husimamisha kijiti, huuzungushia uzi wake, na kuanza tena.

Katika kazi hii uzito ni jambo kubwa. Kigurudumu kizito hufaa uzi mnene. Kikitumiwa kwa uzi mwembamba huukata. Kigurudumu chepesi hufaa uzi mwembamba. Upana nao una kazi yake: kilicho kipana huzunguka polepole na kwa muda mrefu, na kilicho kidogo huzunguka upesi. Basi mtu akikuwekea mkononi kigurudumu cha miaka elfu moja na zaidi, amekupa habari ambayo haikuandikwa na mwandishi yeyote wa wakati ule, yaani namna ya uzi ambao msokotaji mmoja alikuwa akiutaka.

Kijiti, kwa kuwa ni mti, aghalabu huoza. Kigurudumu hubaki, kwa sababu kilifanywa kwa jiwe, au udongo wa kuchomwa, au mfupa, au pembe, au risasi. Ishike orodha hii ya vitu vitano, maana tutairudia.

Huenda ukasema, "Haya, nimekijua, lakini kusokota nyuzi ni jambo dogo." Ndipo pale pale palipokosewa tangu zamani. Lile gurudumu kubwa la kusokotea lilifika Ulaya katika karne ya 13 hivi. Kabla ya hapo kila uzi, wa shati la mtumwa na wa joho la mfalme, wa blanketi na wa gunia, ulipita katika vidole vya mtu na kuning'inia kwenye kijiti. Hata merikebu za wale mabaharia wa kaskazini walioitwa Waviking zilisukumwa na matanga ya sufu.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuchukulie nguo yenye nyuzi 10 katika kila sentimita, za mtande na za mshindio vile vile. Kipande cha mita moja mraba kitakuwa na nyuzi 1,000 za mtande, kila moja urefu wake mita moja, na nyuzi 1,000 za mshindio za urefu huo huo. Jumla ni mita 2,000 za uzi. Tuchukulie tena kwamba msokotaji stadi hutoa mita 50 kwa saa. Kipande hicho kitamtaka saa 40. Sasa tuseme twataka tanga la mita 100 mraba: uzi wake utakuwa kilomita 200, na kazi yake saa 4,000. Akisokota saa 8 kila siku, bila kupumzika hata siku moja, atamaliza kwa siku 500. Na hapo bado hajafuma. Wala hatukuhesabu kuwakata kondoo sufu, kuiosha na kuichana. Tarakimu hizi nimezichukua kwa mfano tu, ili upate kuona njia ya hesabu. Lakini wataalamu waliopima matanga ya namna hiyo nao wamepata kazi ya kuhesabiwa kwa miaka. Vitabu vya historia hutuambia kwamba Waviking walikishambulia kisiwa cha Lindisfarne mwaka 793. Siku zile 500 za tanga havizitaji.

Tukiisha kuyajua hayo, tuwahakiki waokotaji. Nchini Uingereza wako watu wengi, makarani, mafundi, wakulima na wastaafu, ambao siku za mapumziko hutembea mashambani na mashine ya kutafutia madini. Mashine hiyo hulia inapopita juu ya chuma, shaba, fedha, dhahabu au risasi iliyofukiwa. Tangu mwaka 1997 uko mpango, unaosimamiwa na British Museum ya London, wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia. Na vilivyokwisha kuandikishwa vyapita milioni 1.5. Wingi wa vitu hivyo usingalijulikana kamwe kama si watu hao wasiolipwa mshahara, wanaotembea katika baridi na matope kwa mapenzi yao. Sifa hiyo ni yao, wala haifai kuwanyima.

Mwaka 2009 mmoja wao alipata, katika shamba moja la jimbo la Staffordshire, hazina ya dhahabu na fedha ya karne ya 7. Dhahabu yake peke yake ilikuwa kadiri ya kilo 4, na hazina nzima ilithaminiwa pauni 3,285,000. Karibu yote ni mapambo ya silaha, hasa ya panga. Vito vya kujipamba wanawake havikuonekana humo. Mwaka uliofuata, 2010, mtafutaji mwingine aliokota huko Saltfleetby, katika jimbo la Lincolnshire, kigurudumu cha risasi cha kusokotea. Juu yake mlikuwa na maandishi ya kirune, yaani herufi za kale za watu wa kaskazini. Wasomi waliyasoma, wakaona majina ya miungu Odin na Heimdallr, na maneno ya kutaka msaada.

Linganisha mambo haya mawili. Katika ile hazina ya Staffordshire pia yamo maandishi: ukanda wa fedha uliopakwa dhahabu, wenye maneno ya Kilatini yaliyotoka katika Biblia, ya kumwomba Mungu awatawanye adui. Hivyo tuna dua mbili. Moja iliwekwa juu ya fedha na dhahabu, nayo yaomba adui watawanywe. Nyingine ilikwanguliwa juu ya risasi, nayo yaomba msaada, ikawa yazunguka pamoja na kijiti kila mara kilipozungushwa. Habari za ile ya kwanza zilienea duniani kote. Ya pili yajulikana na wasomi wa maandishi ya kirune, na wapenzi wachache wa kusokota. Kwa elimu, sioni kwamba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Yatuonyesha kwamba msokotaji, au aliyempa msokotaji chombo kile, aliiona kazi ya uzi kuwa yastahili kuombewa.

Kwa nini basi nasema kwamba waokotaji wamevipunja vyombo hivi? Nasema hivyo kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni sikio la mashine yao. Katika ile orodha ya vitu vitano, mashine husikia kimoja tu, nacho ni risasi. Jiwe halilii, udongo haulii, mfupa na pembe havilii. Mtu akisoma habari za vigurudumu vilivyookotwa mashambani, bila kukumbuka jambo hili, atadhani kwamba wasokotaji wa kale walipenda risasi kuliko vyote. Ni kama mtu aliyekwenda msituni usiku kuhesabu ndege kwa kusikiliza milio yao, akarudi akasema kwamba msitu ule una bundi watupu. Uwongo hakusema, maana aliyoyasikia ni kweli. Kosa lake ni kusahau jinsi alivyosikia.

Ya pili ni wepesi wa kutia majina. Duara la risasi lenye tundu laweza kuwa kigurudumu cha kusokotea. Laweza pia kuwa kizito cha wavu wa kuvulia samaki, au jiwe la mizani. Tena kipande cha risasi kisicho na nakshi chaweza kufanana na kingine kilichofanywa miaka mingi kabla yake au baada yake. Mwokotaji aliyejaa furaha hupenda kusema, "Hiki ni cha Waviking!" Kusema hivyo ni rahisi. Lililo gumu ni kusema, "Chaweza kuwa cha Waviking, na sina ushahidi wa kutosha." Sentensi hii ya pili ndiyo ya mtu mwenye elimu, nami nakusihi ujizoeze kuitamka bila haya.

Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni mahali. Kigurudumu kikionekana kando ya meko, karibu na sindano na vizito vya kitanda cha mfumi, kinatueleza habari za nyumba. Kikionekana kaburini, chatueleza habari za maziko. Kikitiwa mfukoni bila kuandikwa mahali pake, hubaki kuwa pambo la rafu. Hapa yatupasa kuwa waadilifu: vitu vingi vya waokotaji hutoka katika udongo wa juu uliolimwa kwa plau mara nyingi, na tabaka lake la kale lilikwisha kuvurugwa kabla hawajafika. Kukiondoa kitu namna hiyo kwaweza kuwa kukiokoa. Hata hivyo alama katika ramani yaweza kuandikwa, na vigurudumu vitano katika pembe moja ya shamba vyaweza kuonyesha mahali palipokuwa na kijiji. Sheria yenyewe haikusaidia sana. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 huwalazimisha watu kutoa habari za dhahabu na fedha ya kale, na hazina ikichukuliwa na makumbusho hulipwa. Kigurudumu cha kawaida cha risasi hakimo. Anayekipeleka kuandikishwa hufanya hivyo kwa hiari na uungwana, wala hatazamii malipo.

Sasa tuwageukie wataalamu, wasije wakafurahi kwamba wenzao pekee ndio waliolaumiwa. Wema wao ni mkubwa. Katika mji wa York, mahali paitwapo Coppergate, walichimba tangu mwaka 1976 mpaka 1981. Ardhi ya pale ni ya majimaji, haiingiwi na hewa, kwa hiyo hata vitu ambavyo kwingineko vingalioza vilisalia. Walipata sufu ambayo haijasokotwa, vitana vya kuchania, vigurudumu vya mawe, vya udongo, vya mifupa na vya risasi, vizito vya kitanda cha mfumi, sindano, vipande vya nguo, na mabaki ya mimea ya kutilia rangi. Hapo safari yote ya nguo yaonekana, tangu mgongo wa kondoo hadi bega la mvaaji. Mashine ya mwokotaji isingaliweza kuionyesha safari hiyo, hata ingalipitishwa pale miaka mia.

Lakini wataalamu nao wana deni. Katika taarifa nyingi za zamani za uchimbaji, upanga mmoja ulipewa kurasa na picha, na vigurudumu vingi vikapewa mstari mmoja katika orodha ya vitu vidogo vidogo, bila hata kutajwa uzito wake. Nawe umekwisha kujua kwamba kigurudumu kisichopimwa uzito ni kama barua iliyokatwa maneno. Hivyo waliolipwa kwa kuuliza hawakuuliza swali la kwanza ambalo msokotaji yeyote wa kijijini angaliwauliza.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa lilivaa nguo za elimu. Kwa muda mrefu, mifupa ilipokuwa imeharibika, wataalamu walitumia vitu vya kaburini kuamua maiti alikuwa mume au mke. Kaburi lenye upanga wakalihesabu kuwa la mume; lenye kigurudumu wakalihesabu kuwa la mke. Kisha wakaandika kwamba makaburi yathibitisha kuwa silaha zilikuwa za waume na kusokota kulikuwa kwa wake. Je, waiona hila hiyo? Jawabu liliingizwa ndani ya swali, kisha likatolewa kana kwamba limegunduliwa. Mwaka 1878, huko Birka, nchini Uswidi, lilifukuliwa kaburi lenye upanga, mkuki, shoka, mishale, ngao mbili na farasi wawili. Kwa zaidi ya miaka mia liliitwa kaburi la mwanamume shujaa. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi zilizo ndani ya mifupa ile, ikaonekana kwamba aliyezikwa pale alikuwa mwanamke.

Sikwambii kwamba mambo yote yamepinduka. Ushahidi wa maandishi, wa lugha na wa makaburi yaliyochunguzwa vizuri waonyesha kwamba kusokota katika nchi zile kulikuwa kazi ya wanawake hasa. Nasema tu kwamba neno "hasa" si sawa na neno "daima", na kwamba mtaalamu aliyesahau tofauti ya maneno hayo mawili alikosea vile vile kama mwokotaji aliyesahau sikio la mashine yake.

Liko kundi la tatu, nalo ndilo lililonifundisha zaidi. Ni wale wasiotosheka na kutazama, bali huchukua mfano wa chombo cha kale wakaketi na kusokota. Wengine ni watu wa kawaida wapendao kazi za mikono. Wengine ni wasomi. Katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, nchini Denmark, kilianzishwa mwaka 2005 kituo cha utafiti wa nguo za kale. Wasokotaji stadi walifanyiwa vigurudumu vya uzito mbalimbali kwa mfano wa vile vya kale, wakasokota, na nyuzi zao zikapimwa. Ndivyo ilivyothibitishwa kwamba uzito wa kigurudumu hubadili uzi, hata akiwa msokotaji ni yule yule.

Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu nilijaribu jambo hilo kwa ujinga wangu. Nilitwaa kigae cha chungu kilichovunjika, nikakisugua juu ya jiwe mpaka kikawa duara, nikakitoboa kwa msumari, na kukitia kijiti. Kazi ya kutoboa peke yake ilinimaliza alasiri nzima, na vigae viwili vilipasuka kabla ya cha tatu kukubali. Nikapata sufu kidogo kwa mfugaji wa jirani. Uzi wangu ulikatika mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Nilidhani ni mikono yangu. Mwenzangu mmoja akaniambia nipunguze kigae. Nilikisugua tena mpaka kikawa chepesi, na uzi ukashika, ingawa ulikuwa na mafundo kama mkia wa tiara. Jioni ile nilikuwa na uzi wa kufungia kifurushi kimoja, na bega lililouma siku mbili. Tangu siku hiyo sijaweza kupita mbele ya kigurudumu katika makumbusho nikakiita kitu kidogo.

Mfalme Alfred wa Wessex, aliyefariki mwaka 899, aliacha wasia ambao maneno yake yapo hata leo. Alipotaja jamaa zake wa kiume aliwaita wa upande wa mkuki, na wa kike aliwaita wa upande wa kijiti cha kusokotea. Akaeleza kwamba babu yake aliiacha ardhi yake kwa upande wa mkuki, si kwa upande wa kijiti. Sisi katika Kiswahili husema kuumeni na kukeni. Waingereza wale walitaja vyombo vya kazi. Nadhani sasa waona kwa nini insha hii nimeipa jina lake. Babu wa Alfred aliigawa ardhi kwa kipimo hicho. Magazeti, na sheria, na orodha za wachimbaji, zimeendelea kuzigawa sifa kwa kipimo kicho hicho, miaka elfu moja na zaidi baada ya yeye kuzikwa.

Usidhani kwamba jambo hili ni la nchi za baridi tu. Pwani yetu nayo ilisokota. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, yaliyochimbwa katika miaka ya 1980, na katika magofu ya Kilwa, ambayo Neville Chittick aliyachimba kabla ya hapo, vilionekana vigurudumu vya kusokotea pamba, navyo vilifanywa kwa vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa, kama kile changu, ila vyao ni vizuri zaidi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba watu wa Sofala walikuwa wakifuma nguo za pamba nyeupe. Na kwa kuwa hawakuwa na rangi, walizifumua nguo za buluu zilizotoka Kambei, nchini India, wakachanganya nyuzi zake na zao wakafuma upya. Hao hawakuwa watu wa kungoja kuvikwa na wageni. Lakini ukumbuke lile sikio la mashine: kigurudumu cha kigae hakilii. Mtu aendaye magofuni kutafuta sarafu atakikanyaga. Sheria yetu ya Kenya ya makumbusho na urithi, ya mwaka 2006, humtaka aliyeona kitu cha kale awape habari Makumbusho ya Taifa, na aeleze mahali hasa alipokiona na jinsi alivyokiona. Kipande cha kigae chenye tundu kimo katika amri hiyo sawasawa na sarafu ya dhahabu.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Mama yangu alikuwa akisuka viondo. Nyuzi zake alizisokota pajani, kwa kiganja, bila kijiti wala kigurudumu. Akizungumza alisokota, akingoja chungu kichemke alisokota, akienda sokoni mikono yake ilikuwa ikisuka njiani. Viondo hivyo ndivyo vilivyonilipia karo. Nilipoingia shule ya upili nilipewa karatasi ya kujaza. Palipoandikwa kazi ya baba, niliandika, mkulima. Palipoandikwa kazi ya mama, niliandika, hana. Mwalimu aliisoma karatasi ile, akaipiga mhuri, wala hakuniuliza neno. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo hakuiona. Kwa miaka mingi sikuliona kosa langu, mpaka siku ile ya kigae, bega liliponiuma.

Basi ndugu msomaji, siku utakapoingia katika makumbusho, ya hapa kwetu au ya ng'ambo, jiulize maswali matatu mbele ya kila kitu. Kilionekana mahali gani, na pamoja na nini? Waliokitafuta walitumia chombo gani, na chombo hicho kisingeweza kuona nini? Na mikono iliyokitumia ilipata uchovu gani? Ukikosa jawabu katika maandishi ya sanduku la kioo, mwulize mlinzi. Na mlinzi asipojua, mwandikie barua mkuu wa makumbusho. Na jioni utakaporudi nyumbani, mtazame aliyekaa kimya akifanya kazi isiyo na jina, ukamuulize humchukua saa ngapi. Fanya hesabu yake kwa kalamu, kama tulivyofanya hesabu ya tanga.